Divai nyepesi ya Beaujolais: yale niliyoyaona katika shamba la jamaa moja

Katika vijitabu vya chama chetu wenzetu wameandika mengi juu ya ngoma, juu ya mali ya ndoa na juu ya majina ya watoto. Juu ya vinywaji wameandika kidogo. Pengine ni haya, maana pombe imeharibu nyumba nyingi, na mimi sitaficha jambo hilo. Lakini nani kati yetu aliona siku moja ndoa, matanga ao mapatano ya jamaa mbili pasipo kitu cha kunywa katikati ya watu? Kinywaji ni sehemu ya desturi, na kila taifa liko na chake.

Nimeomba nafasi hii niandike juu ya kinywaji ambacho si cha kwetu: divai nyekundu ya Ufaransa, ile nyepesi inayotoka upande wa Beaujolais. Mwaka 2012, wakati nilikuwa kwa masomo mjini Lyon, nilikwenda kuvuna zabibu kwa siku kenda katika shamba la jamaa moja inayolima kibiyo, ni kusema pasipo dawa za kiwanda. Nilikwenda kutafuta makuta, si kutafuta hekima. Lakini niliyoyaona huko yamenifuata mpaka leo, kwa sababu watu wale walikuwa wanapigana na ulizo ambalo liko mbele yetu pia: kitu cha wazee, unakilinda namna gani wakati kila mtu anakuonyesha njia ya mkato?

Divai gani hiyo?

Neno "divai" tumelipata toka Kifaransa, na wengi wetu tulilisikia kwanza kanisani. Kwa hiyo mtu akisema divai, tunawaza kitu kizito na kitamu ambacho padri anakunywa kidogo tu. Ingine tunayoijua ni ile ya chupa za sherehe, inayowekwa mbele ya wageni wa heshima. Divai ya Beaujolais haifanane na hizo. Ukiimimina katika glasi, unaona mwangaza unapita ndani. Wekundu wake ni wa ua, si wa damu iliyoganda. Inanuka matunda mapya, sawa fraizi za milima yetu. Tena haina sana ule ukali unaokausha ulimi, ukali unaousikia ukitafuna ndizi mbichi. Wafaransa wanauita tanini. Wanainywa ikiwa na baridi kidogo, kwa digri 13 ao 14 hivi, pamoja na chakula: nyama ya nguruwe iliyokaushwa, mkate, na jibini inayokumbusha ile ya Masisi.

Lakini tuangalie: nyepesi si kusema dhaifu. Pombe iliyomo ni asilimia 12 mpaka 13, zaidi ya mara mbili ya bia ya chupa. Wepesi wake uko mdomoni, hauko kichwani.

Beaujolais ni nchi ya vilima kaskazini mwa mji wa Lyon. Upande wake wa kaskazini udongo ni wa mawe ya granite yaliyosagika, mwepesi na maskini. Huko kuna sehemu kumi zenye haki ya kuandika jina lao lenyewe kwenye chupa: Morgon, Fleurie, Chiroubles, Moulin-à-Vent na zingine. Karibu divai yote nyekundu ya huko inatoka kwa mzabibu wa aina moja, Gamay. Mzabibu huu ulikuwa mkimbizi. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, alitoa amri ung'olewe katika nchi yake, akiuhukumu kuwa mmea mbaya na usio mwaminifu, juu ulizaa mingi na divai yake haikumpendeza. Ukapata kwao katika vilima vya Beaujolais. Udongo ule maskini uliupunguzia pupa yake ya kuzaa, na hapo ukatoa kitu chema.

Mgema akisifiwa

Masomoni walitufundisha mezali ya watu wa pwani: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sijaona fasi mezali hiyo imetimia sawa Beaujolais.

Toka zamani, watu wa Lyon walikuwa wanakunywa divai mpya ya mwaka, iliyotoka kuchachuka majuma machache tu. Ilikuwa furaha ya mavuno, sawa vile sisi tunavyofurahia mahindi mabichi ya kwanza. Mwaka 1951 serikali iliruhusu divai hiyo iuzwe mapema, na kuanzia mwaka 1985 siku ikawekwa: Alhamisi ya tatu ya mwezi wa 11. Sifa zikaenea mpaka Marekani na Japani. Ndege zilibeba chupa ili zifike kwa siku yenyewe.

Sifa zikaleta haraka. Wengi wakatia mbolea za kiwanda ili mizabibu izae zaidi, na dawa za kuua majani ili wasilime kwa jembe. Zabibu zikavunwa hazijaiva vizuri; basi wakatia sukari ili pombe ipande. Chachu ya asili ilikuwa imekufa shambani kwa ajili ya dawa. Basi wakanunua chachu ya mfuko, hata divai za mashamba mbalimbali zikaanza kunuka namna moja. Hawakutia maji kama mgema wa mezali, lakini mwisho ulikuwa ule ule: kufika mwaka 2000 na kitu, watu wengi hata Ufaransa walikuwa wanaisema Beaujolais kwa kicheko, na bei ikaanguka. Jamaa za wakulima zikauza mashamba. Watoto wakaenda kutafuta kazi mjini.

Mutu wa darubini na mutu wa shamba

Walioanza kurudisha heshima hawakuwa wengi. Wa kwanza ni Jules Chauvet, aliyekufa mwaka 1989. Alikuwa mfanyabiashara wa divai katika kijiji cha La Chapelle-de-Guinchay, na wakati ule ule alikuwa mtu wa kemia. Alichunguza chachu kwa darubini kwa miaka mingi. Akafika kusema kwamba divai nzuri inaweza kufanywa kwa zabibu peke yake: zabibu zilizoiva, zilizochambuliwa moja moja, zenye kutoka katika udongo usiouawa kwa dawa, na kwa chachu zilizo juu ya ngozi ya zabibu zenyewe. Sukari hakuitaka. Salfa, ambayo inatiwa ili divai isiharibike, alitafuta kuipunguza mpaka kuiacha.

Wa pili ni Marcel Lapierre wa Villié-Morgon. Alishika shamba la baba yake mwaka 1973, akiwa na mafundisho ya masomo ya wakati ule: dawa, sukari, salfa. Lakini divai aliyokuwa anaitengeneza hakupenda kuinywa yeye mwenyewe. Mwaka 1981 alikutana na Chauvet, akaanza kubadilisha kazi yake. Majirani watatu, Jean Foillard, Jean-Paul Thévenet na Guy Breton, wakaenda njia ile ile. Lapierre alikufa mwezi wa kumi 2010, na watoto wake Mathieu na Camille wakaendelea na kazi. Morgon ya nyumba hiyo inatoka kwa namna mbili: chupa zenye herufi S, zilizotiwa salfa kidogo, na zenye herufi N, zisizotiwa kitu. Hizi za pili lazima zikae pahali pa baridi wakati wote. Zikipata joto, zinaweza kugeuka.

Ninaomba msomaji asipite haraka hapa. Sisi tunazoea kusema: desturi ni ya wazee, elimu ni ya Wazungu, na hizo mbili hazikai nyumba moja. Lakini Lapierre alirudia njia ya babu zake kwa msaada wa darubini. Kuacha dawa kulimletea kazi zaidi ya kuzitumia: kuamka mapema, kupima joto, kuosha vyombo mara tatu, kuchambua zabibu, kutupa zilizooza. Kitu cha asili kinataka mlinzi mwenye macho makali kupita kitu cha kiwanda.

Mezani kwa jamaa ile

Shamba nililovuna lilikuwa la jamaa ingine, si kubwa wala si maarufu. Palikuwa mama mjane, mtoto wake mwanaume mwenye miaka 30 na kitu, na dada yake aliyekuwa anaangalia hesabu. Mizabibu ya huko mingi ni mifupi, imepogolewa sawa kikombe, pasipo waya. Unavuna ukiinama. Siku ya kwanza mgongo wangu ulilia sawa mlango wa zamani. Tunakata kichala kizima kwa mkasi, tunaangalia pande zote, tunatoa kilichooza, tunaweka katika kreti ndogo polepole ili kisipondeke. Mashine ya kuvuna haipite mule. Kwa divai ya namna hii lazima vichala vifike vizima.

Mwaka ule ulikuwa wa taabu kwa Beaujolais yote. Baridi kali, mvua ya mawe, kisha mvua siku kwa siku, na ugonjwa wa majani unaoitwa mildiu. Mavuno yakawa madogo sana. Mkulima wa biyo hana dawa inayoingia ndani ya mmea. Ana salfa na shaba, ile shaba tunayoijua sisi watu wa Kongo, lakini ikiwa mrututu uliochanganywa na chokaa katika maji. Inakaa juu ya jani tu. Mvua ikinyesha, inaoshwa, unarudi tena kupuliza. Tena hata shaba si kitu cha kuchezea: ikizidi, inabaki katika udongo na kuudhuru. Kwa hiyo sheria inaipimia kipimo. Mimi nilikuwa ninafikiri biyo ni kuacha Mungu afanye peke yake. Kumbe kijana yule alikuwa ameamka usiku mara nyingi kupuliza kabla ya jua.

Chakula cha mangaribi tulikula sote kwenye meza moja, wavunaji na wenye shamba. Siku ya nne mabishano yakatokea. Dada alionyesha hesabu: mizabibu ya chini mtoni ilikuwa imetoa kreti chache kabisa, na jirani aliyetumia dawa ya kiwanda alikuwa amevuna mara mbili yao. Akasema, mwaka ujao tupulize dawa sehemu ile ya chini tu, ili tulipe banki. Kaka yake akajibu kwamba wakifanya hivyo, sehemu ile itapoteza cheti, na itahitaji miaka mitatu ili kukipata tena. Tena ule mwaka 2012 ndio ulikuwa wa kwanza sheria ya Ulaya kuruhusu kuandika "divai ya biyo" kwenye chupa. Mbele ya hapo waliruhusiwa kuandika tu kwamba zabibu zimelimwa kibiyo. Sheria hiyo iliweka pia mpaka wa salfa: miligramu 100 kwa litre moja ya divai nyekundu kavu, wakati divai zingine zinaruhusiwa 150. Alikuwa amengoja siku hiyo miaka mingi.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akaenda kuleta kaye ya zamani, jalada lake limechakaa. Ilikuwa ya mama mkwe wake. Kila mwaka palikuwa na mistari michache: siku ya kuanza kuvuna, mvua, mapipa mangapi, ugonjwa gani. Akasoma miaka mibaya, mmoja kwa mmoja. Baadaye akasema tu: "Tuliwahi kukosa kuliko hivi, na tuko hapa." Hakuwapa amri watoto wake. Mpaka ninaondoka, jambo lile halikuwa limekatwa. Lakini niliona kwamba dada alirudi kwenye hesabu zake na kaye ile pembeni.

Ndani ya pipa

Namna ya kutengeneza divai hii ni jambo zuri la kujua. Vichala vizima vinatiwa katika pipa kubwa la sementi ao la mbao, pasipo kupondwa. Zabibu za chini zinapasuka kwa uzito wa zile za juu, maji yao yanaanza kuchachuka, na gazi ya kaboni inapanda na kujaza pipa. Hapo zabibu za juu, zikiwa nzima na kukosa hewa, zinaanza kugeuza sukari yao ndani ya ngozi yao wenyewe. Ni kazi hiyo ya ndani inayoleta harufu ya matunda na kuacha ule ukali wa tanini nyuma. Baada ya siku kadhaa, ao majuma mawili matatu kufuatana na divai inayotakiwa, wanafungua, wanakamua, na maji yanamaliza kuchachuka. Divai inapumzika mpaka mwaka mpya, kisha chupa.

Gazi ile ni ile ile inayoua watu na mifugo katika mazuku ya pembeni ya Goma. Haina harufu, inakaa chini. Kijana yule hakuturuhusu kuingia chumba cha mapipa peke yetu. Alikuwa anaweka sikio kwenye pipa, anasikiliza, kisha anapima joto na kuandika. Nilipomwona na sikio kwenye pipa, nilimuona baba mkubwa wangu wa Walungu.

Na sisi je?

Baba mkubwa anafanya kasiksi. Ndizi za pombe anazifukia katika shimo lenye joto, na majani juu, mpaka ziive sawasawa. Zinamenywa, zinakanyagwa na majani makali ndani ya mtumbwi wa mti, na mutobe unatoka, mtamu, msafi. Anautia maji kwa kipimo anachokijua yeye, kisha mtama uliokaangwa na kusagwa, ambao unaleta chachu. Anafunika. Kesho yake anaweka sikio. Hajawahi kununua chachu ya mfuko, na hajawahi kusikia jina la Chauvet.

Lakini mambo yetu yanafanana hata kwa ubaya. Mwishoni mwa karne ya 19, kadudu kalikotoka Amerika kaliua mizabibu ya Beaujolais kwa mizizi; Victor Pulliat wa Chiroubles alikuwa kati ya walioonyesha wakulima namna ya kuunga mizabibu yao juu ya mizizi ya Kiamerika. Kwetu, mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, ukashuka mpaka Kivu ya Kusini. Migomba mingi ya baba mkubwa ilikufa. Alifundishwa kukata ua la dume kwa kijiti chenye panda pasipo kutumia kisu, na kupitisha panga katika moto. Akaokoa sehemu.

Ndizi zilipokuwa chache, njia ya mkato ikaingia. Siku hizi ukinunua kasiksi sokoni, mara nyingi ni maji mengi, sukari na levire ya mkate. Inapanda haraka, inaumiza kichwa haraka. Vijana wanaionja, wanatema, wanasema: hii ni pombe ya mashenzi. Nao wako na haki ya kutema! Lakini hawajui kwamba waliyoionja si ile. Kisha kwenye karamu ya ndoa tunaweka chupa ya divai ya Ufaransa juu ya meza ya wakubwa, na kibuyu tunakiacha nje kwa wazee waliokaa chini ya mti. Mimi sina chuki na chupa ile. Ninaomba tu tujue kwamba, nyuma ya chupa nzuri, kuna mtu aliyevaa magamba ya matope, aliyekataa kuona haya kwa kazi ya babu yake.

Nilipomueleza baba mkubwa juu ya mutobe wa zabibu, aliniuliza maulizo mengi. Wanachambua? Wanaosha mapipa na nini? Nikamwambia kwamba wanakataa kutia sukari. Akacheka. "Mutoto wangu, sukari ni ya kuficha. Ndizi ikiiva muzuri, haiombake musaada."

Basi nilinunua kaye. Nimekaa naye siku sita na kuandika: aina za ndizi kwa majina yao ya Kishi, siku ngapi shimoni wakati wa mvua na wakati wa jua, majani gani ya kukanyagia, mtama kiasi gani, mtungi gani unaosikilizwa saa gani, na nani alimfundisha yeye. Ninaalika kila jamaa ya chama chetu kufanya vile, kwa kasiksi, kwa munkoyo ya ndugu zetu wa Katanga, kwa malafu ya watu wa msitu, na kuandika pia hasara zake na kipimo cha mtu mwenye akili. Miaka mibaya pia iandikwe, maana ndiyo iliyowasaidia watu wale wa Beaujolais kukaa mezani pasipo kuachana.

Nilipomsomea baba mkubwa kurasa zote, alisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha mahali pawili. Kisha akasema: "Umeandika muzuri. Lakini kaye haikanyagake ndizi. Lete batoto."

Toka wakati huo watoto wangu wawili wakubwa wanapanda Walungu kila likizo kubwa. Mmoja anapenda kuandika, mwengine anapenda kukanyaga. Mara ya mwisho mutobe wao ulikuwa na maji kupita kiasi, na mzee aliwaambia waziwazi. Wamesema watarudi.